Ekzema ya mwanangu na soriasisi yangu: tuliyopitia hadi tukajua cha kufanya

Nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, tuna wagonjwa wawili wa ngozi. Mwanangu wa kiume ana ekzema, yaani ngozi kavu inayowasha na kutoka vipele, tangu hajaanza kutambaa. Mimi nina soriasisi, mabaka mazito yenye magamba, iliyonianza nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Kwa muda mrefu majirani, jamaa na hata baadhi ya waliotutibu walituhesabu kuwa na ugonjwa mmoja, "ule upele wa nyumba ya fundi", kwani mimi hushona nguo, na dawa aliyopewa mmoja alipakwa na mwengine. Pesa zilitoka, usingizi ukapotea, na ngozi zetu zikazidi kuharibika. Naandika haya kwa mzazi anayekesha sasa hivi akimshika mtoto mikono asijikune, na kwa mtu mzima anayevaa mikono mirefu ndani ya joto la Kaskazi ili watu wasimwone viwiko.

Ya mtoto ilianzia mashavuni. Ngozi ilikuwa kavu, inakwaruza, kisha ikatoa vipele vidogo na majimaji. Tukaambiwa ni joto. Ni kweli watoto wa Mombasa hutoka vipele vya joto, lakini vile huondoka mtoto akipoa. Hivi havikuondoka hata Kusi ilipoingia na upepo wake. Alipoanza kutembea vilihamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono. Ngozi ya hapo ikawa nyeusi kuliko kwengine, nene, yenye mistari. Usiku ndio ulikuwa mtihani. Alijikuna usingizini hadi shuka zikashika damu, na asubuhi akaamka na hasira, hataki chakula, hataki kuguswa.

Kila aliyekuja kutujulia hali alikuja na dawa. Mwarobaini wa kuchemsha, liwa, habasoda, sabuni ya mche ya kufulia, dawa ya kuua viini ndani ya maji ya kuoga. Shangazi yangu wa Mji wa Kale alileta kombe akamsomea na dua, na dua sikuikataa wala siikatai. Mama mkwe yeye alishikilia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na katika yote yale ni hayo yaliyomfaa mtoto. Baadaye daktari alinambia kwamba mafuta ya nazi safi, yasiyotiwa harufu, huisaidia ngozi kavu. Vile vya kuchoma, yaani dawa ya viini na sabuni kali, ndivyo vilivyozidi kumchuna.

Kisha tukaingia kwenye vyakula. Tulimwachisha mayai, tukamwachisha samaki, tukamwachisha maziwa, na ngozi haikubadilika ila mtoto alikonda. Wapo watoto wadogo wenye ekzema kali ambao kweli hudhuriwa na chakula fulani. Dalili yake huwa wazi: anakula yai, muda si muda midomo inavimba, anatapika, anatoka mabaka mwili mzima. Huyo mpeleke hospitali haraka. Lakini kukata chakula kimoja baada ya chengine kwa kukisia ni kumnyima mtoto lishe bure.

Kilichotuumiza zaidi kilikuja kwa sura ya msaada. Kwenye duka moja la dawa tuliuziwa krimu ya mchanganyiko, ya bei rahisi sana, yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ndani ya bomba moja. Hakuna aliyeuliza umri wa mtoto wala mahali itakapopakwa. Baada ya siku chache ngozi ilikuwa safi, nikamshukuru Mungu na nikawapa majirani jina la krimu. Tulipoacha, vipele vilirudi kwa nguvu. Tukapaka tena, na usoni pia. Miezi ikapita hivyo mpaka ngozi ya mashavu ikawa nyembamba na vishipa vinaonekana. Steroidi yenyewe si sumu, na hadi leo tunaitumia. Hatari ni kuipaka iliyo kali kwenye uso wa mtoto kwa miezi, na hujui kama unachopaka ni steroidi.

Yangu ilianza na koo. Niliumwa koo sana na homa juu, nikapona, na wiki chache baadaye nikatoka vidoa vidogo vidogo kifuani na mgongoni. Vingi viliondoka. Vilivyobaki vilikua vikawa mabaka mazito kwenye viwiko, magoti, kiunoni na ndani ya nywele. Picha nilizoonyeshwa kwenye simu zilikuwa za Wazungu, mabaka mekundu, nami nikasema hiyo si yangu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu rangi huwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, pengine ya kijivu, na juu yake magamba meupe yanayodondoka kwenye nguo. Kwa sababu haikufanana na zile picha nilitibiwa choa kwa muda mrefu, kwa krimu na vidonge vya fangasi, bila mtu kukwangua ngozi kidogo na kuipima kama fangasi wapo.

Halafu zahanati moja ikanipiga "sindano ya mzio". Wiki haijaisha nilikuwa msafi kabisa. Nilienda arusi ya binamu yangu na mikono mifupi, jambo nililokuwa nimelisahau. Dawa ilipoisha mwilini soriasisi ilirudi kubwa kuliko mwanzo, hadi sehemu ambazo haikuwahi kufika, na humo ndani vipele vya usaha. Sindano ile ilikuwa steroidi. Mwenye soriasisi akipewa steroidi ya sindano au ya vidonge kisha ikakatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi vibaya kiasi cha kulazwa. Ukiambiwa utachomwa sindano ya kuwashwa, uliza jina lake kabla ya kukunja mkono wa nguo.

Daktari wa ngozi tulimpata baada ya hayo yote. Kliniki za hospitali za umma ni nafuu lakini za ngozi huwa na siku zake na foleni zake. Sisi, kwa kuchoka, tulikwenda kwa wa binafsi, na kumwona tu kulitugharimu elfu nne, kabla ya dawa. Zilikuwa pesa za sare za shule nilizoshona mwezi mzima. Alitukalisha wote wawili akatutazama viwiko.

"Mama, nani aliyekwambia muna ugonjwa mmoja?"

"Kila mtu, daktari."

Akanionyesha: mtoto ameshikwa ndani ya viwiko, mimi nimeshikwa nje. Ya mtoto haina mpaka, inayeyukia kwenye ngozi nzima. Yangu ina ukingo unaoweza kuuchora kwa chaki. Akanishika vidole akanionyesha vishimo vidogo kwenye kucha, ambavyo ni alama ya soriasisi, nami nilidhani ni vya sindano za kushonea. Akauliza nani ana pumu kwenye ukoo, kwani ekzema mara nyingi hufuatana na pumu na mzio. Babake mume wangu anayo, na mume wangu mwenyewe hupiga chafya kila vumbi likiinuka. Mimi akaniuliza kama nikiamka vidole vinakakamaa, kwa kuwa hadi watu 30 katika 100 wenye soriasisi huja kupata ugonjwa wa viungo, na usipotibiwa mapema hukunja vidole. Kwa mtu anayepata riziki kwa vidole vyake, swali hilo lilinitisha kuliko mabaka.

Alivyotueleza ni hivi. Ngozi ya mwanangu ni kama ukuta uliobanduka lipu: maji ya ndani yanatoka, vya nje vinavyochoma vinaingia. Kwangu mimi kinga ya mwili ndiyo inayoichochea ngozi ikue mbio. Ngozi mpya inayochukua kama mwezi kupanda juu, kwangu hupanda kwa siku chache na kurundikana. Yote mawili hayaambukizi na hayatokani na uchafu. Yote mawili hayana dawa ya kuyaondoa moja kwa moja, bali hutulizwa, na yanaweza kutulia muda mrefu. Nililia pale kwenye kiti, kwa sababu ndani ya moyo wangu nilikuwa bado natafuta ile krimu moja itakayomaliza. Leo naona kuacha kuitafuta ndiko kulikotuokoa, kwani pesa na nguvu zote zilizokuwa zikienda huko zilirudi kwenye matunzo ya kila siku.

Matunzo yenyewe yanaanza na maji. Kisima cha kwetu ni cha maji ya chumvi, na maji hayo pamoja na sabuni ya povu jingi hukausha ngozi. Kwa hiyo maji matamu ya mkokoteni, ambayo zamani yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, sasa mtungi mmoja ni wa mtoto kuoga. Ikiwa mfuko haukuruhusu, mwogeshe kwa ya kisima halafu umalizie kwa kopo mbili za maji matamu. Anaoga mara moja kwa siku, muda mfupi, kwa maji ya baridi kiasi, kwani tangi la juu ya paa saa nane mchana linatoa maji ya kuchoma. Sabuni ni ya kwapani, miguuni na penye uchafu tu. Dodoki tulilitupa.

Akitoka tunamgusagusa kwa taulo bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka tunampaka mafuta mazito mwili mzima. Tunatumia mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya kopo kubwa. Losheni za chupa nzuri zina maji mengi na marashi, na kwa ngozi iliyopasuka huchoma. Watu hupaka kidogo mno. Mtoto mwenye ekzema ya mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki, na mtu mzima 500. Tunachota kwa kijiko safi ili kopo lisiingie viini. Mwezi wa Januari na Februari, joto likiwa kali na jasho halikauki, mafuta mazito humpa vipele vinginevyo, kwa hiyo mchana tunampaka krimu nyepesi isiyo na harufu na yale mazito tunayaweka kwa usiku, feni ikiwa inazunguka.

Jambo moja ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote mpaka daktari aliponambia: nguo na leso zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka sana. Kwetu sisi wenye jiko la makaa, chetezo cha udi na mishumaa umeme ukikatika, hili si dogo. Fua shuka mara kwa mara kwa maji ya moto, na mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko.

Steroidi ya kupaka tunayo ya aina mbili, na kila bomba limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ya mtoto ni nyepesi, haidrokotisoni, na hupakwa mara tu ngozi inapoanza kuwasha na kubadilika, kwa siku alizosema daktari, kisha tunarudi kwenye mafuta peke yake. Anayeiogopa dawa akangoja mpaka itoke damu ndipo aitumie, huishia kutumia nyingi zaidi. Yangu ni klobetasoli, kali sana, ya viwiko na magoti tu, na haivuki wiki mbili mfululizo bila daktari kuniona. Kipimo ni ncha ya kidole: kamua mstari kutoka kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Jirani mmoja aliniomba ile yangu ajipake usoni, amesikia inang'arisha. Ni kweli, steroidi kali hufifisha rangi, na ndiyo maana wengine huichanganya kwenye krimu za kujichubua. Nilimkatalia nikamwonyesha picha za mashavu ya mwanangu.

Kazi yangu imenifaa kwenye jambo hili kuliko nilivyotazamia. Mimi ni fundi wa nguo, na nguo ni nusu ya vita vya mtoto mwenye ekzema. Poliesta hushika jasho, sufu huchoma, lasi hukwaruza. Mwanangu namshonea nguo za kulalia za pamba laini iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa, mishono nikiigeuza iwe nje, kitambulisho cha shingoni nikikitoa chote, kwani ukikikata kwa mkasi kinabaki kipande cha kuchoma. Alipokuwa mdogo mikono ya nguo ya usiku niliifunga mwishoni iwe kama mfuko, vidole visipate kukuna. Sare ya shule ni poliesta na siwezi kuibadilisha, kwa hiyo ndani huvaa fulana nyembamba ya pamba, ya kubadilishwa baada ya michezo. Nguo zifuliwe kwa sabuni ya unga kidogo na zisuuzwe sana. Kucha zake hukatwa fupi kila Alhamisi jioni.

Mimi mwenyewe niligundua kwamba baka jipya hunitoka mahali ngozi inapoumia: chini ya dole gumba panaposuguliwa na pete ya mkasi, magotini panapogusa mkeka wakati wa kusujudu, kichwani nilipokuwa nakwangua magamba kwa kitana. Sasa pete ya mkasi nimeizungushia kitambaa, nasalia juu ya mswala mnene, na magamba ya kichwani nayalainisha usiku kwa mafuta yenye asidi ya salisiliki kisha nakosha asubuhi. Chini ya mtandio navaa kitambaa cha pamba.

Udhu mara tano kwa siku huondoa mafuta ya mikono. Nilimuuliza ustadhi wa mtaani kwetu, akanambia mafuta yaliyoingia ngozini bila kuweka utando hayazuii maji, basi tukimaliza kusali tunapaka kidogo, mama na mwana. Arusini ndiko kwenye mitego. Udi na marashi vikizidi chumbani mwanangu huanza kujikuna palepale, kwa hiyo tunakaa uani. Hina ya majani haijanidhuru, lakini piko naiogopa: ile rangi nyeusi ina kemikali inayoweza kumchoma hata mwenye ngozi nzima, akatoka malengelenge kufuata michoro, na mzio huo humkaa maisha yote.

Bahari inatugawa. Maji ya chumvi na jua la asubuhi hunisaidia mimi, nami hwenda ufukweni Bamburi kabla jua halijawa kali, maana kuungua nako huniletea mabaka mapya. Mwanangu maji hayo humchoma penye michubuko. Humpaka mafuta kabla hajaingia, na akitoka humsuuza kwa maji matamu niliyobeba kwa dumu.

Kuna usiku mmoja lazima niueleze. Shavu la mtoto lilitoka malengelenge madogo ya kufanana, yakawa vidonda vya duara na yakaenea haraka, na homa juu. Sikungoja asubuhi. Virusi vile vya kidonda cha mdomoni, ambavyo kwa mtu mzima ni jambo dogo, vikimpata mtoto wa ekzema huweza kufika machoni na kuhatarisha maisha. Alitibiwa kwa dawa ya virusi akapona. Tangu hapo mtu mwenye kidonda cha mdomo hambusu mwanangu, hata akiwa nyanyake. Ganda la manjano kama asali, usaha na uvimbe ni alama nyengine ya kwenda hospitali, ya bakteria.

Yaliyoniumiza zaidi hayakuwa ya ngozi. Mama wa bibi arusi aliniletea vitambaa, akaniona viwiko nikipima, akavikunja akaondoka navyo akisema atarudi. Mwanangu alikaa peke yake kwenye dawati kwa sababu mzazi mmoja alilalamika. Nilikwenda shuleni na barua ya daktari, na mwalimu, Mungu amlipe, aliisomea darasa zima na kumkalisha mwanangu mbele. Kwa wateja nimebandika karatasi ukutani: mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu soriasisi, likasema ni ugonjwa sugu usioambukiza. Wengine huisoma wakakaa, wengine huondoka. Mume wangu ndiye anayenipaka mgongoni nisipofika, na sijui ningefanyaje bila yeye.

Daktari amenitajia methotreksati mabaka yakizidi au viungo vikianza. Ni vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, vya mara moja kwa wiki, si kila siku, na kuvikosea kumewahi kuua watu. Vinataka kupimwa damu na ini kila mara, na haviruhusu mimba. Sisi bado tunataka mtoto mwengine, kwa hiyo kwa sasa nimekataa, naye amenikubalia. Amenionya pia kwamba baadhi ya dawa za presha na baadhi ya dawa za malaria za jamii ya klorokwini huchochea soriasisi. Kila ninapotibiwa chochote huitaja soriasisi yangu kwanza.

Kama pesa ni kidogo, anza na kopo la mafuta ya mgando na sabuni isiyo na harufu, kisha weka akiba ya kumwona daktari wa ngozi mara moja, akupe jina la ugonjwa na la dawa kwa maandishi. Siku ya miadi ngozi mara nyingi huwa imetulia, kwa hiyo ipige picha siku inapowaka, kwenye mwanga wa mchana, karibu na kwa mbali. Beba na mabomba yote uliyowahi kupaka, hata yaliyokwisha, na hata yale ya kienyeji yasiyo na jina.